Dawa ya Kukataa Sahani

Niliacha shule darasa la nne kwa sababu dirisha lilitazama barabarani. Tangu hapo, kila nikiona gari nilitaka kujua linakwenda wapi. Asubuhi ile, pale mtaani kwetu Makorora, Tanga, nilikuwa nimeshatia shati la pili kikapuni bila kujua naelekea upande gani, shangazi yangu aliyenilea akanikuta mlangoni. Alikuwa amevaa buibui, mkoba kaubana kwapani.

"Leo nakwenda na wewe," akasema.

"Wapi?"

"Huko unakokwenda."

"Shangazi, mimi mwenyewe sijui."

"Basi hukohuko."

Shangazi alikuwa mnene, mnene wa kusifiwa. Harusini walimkalisha mbele kwa kuwa alijaza mkeka akapendeza. Lakini alikuwa na ngiri ya kitovu. Aliifunga kwa kipande cha kanga, na kila akiinua ndoo ya maji ilimchoma hata akakaa chini. Daktari wa hospitalini alikubali kumpasua, ila kwanza apungue, maana mwili ule na dawa ya usingizi vilimtia hofu. Akampa vidonge vya kuzuia njaa, vidogo, vya manjano. Ameze asubuhi, na cha mchana kisichelewe, kisije kumnyima usingizi. Kila Jumatatu alipimwa uzito na presha. Akaonywa pia kwamba dawa ile si ya kuzoea: mizani isiposhuka mwezi ule, angeikatiza, na kupasuliwa kungesubiri.

Navikumbuka sana vidonge vile. Vilimkausha kinywa, vikampa maneno. Alifagia ua kabla jua halijatoka, akaufagia tena, huku akinisimulia habari za watu waliokufa kabla sijazaliwa. Mimi nilimfuata nyuma nikimuuliza zaidi. Sijapata tena msimuliaji kama yule. Njaa ilikuwa imemwisha kabisa, na bado alikula.

Alikula kwa ajili ya majirani. Uso wake ulipoanza kukonda, mtaa mzima ulimhurumia. Sahani zikaja zimefunikwa kawa: pilau, mkate wa kumimina, samaki wa kupaka. Na kwetu aliyeleta chakula haondoki. Hukaa barazani akuone ukionja. Ukikataa chakula cha mtu, umemwambia ni mchawi. Sahani nayo hairudi tupu, basi shangazi alipika ili apate cha kurudishia, na mpishi lazima aonje chumvi.

"Kula, shoga," jirani wa ubavuni alimwambia siku moja. "Mbona shingo imekuwa ya kuku wa kideri?"

"Alhamdulillahi, nimeshiba."

"Umeshiba nini, upepo? Au changu hakiliki?"

Shangazi akala. Angemwambiaje mtu kwamba anameza dawa ya kukataa riziki? Aliona haya.

Jumatatu iliyotangulia safari yetu, mshale wa mizani ulisimama palepale. Daktari hakugomba. Alisema tu, "Mama, tuonane wiki ijayo." Njia nzima ya kurudi shangazi hakutamka neno, yeye na vidonge vyake vya maneno. Ndiyo sababu sikumuuliza mengi pale mlangoni.

Tulipanda gari la kwanza tulilolikuta limewasha injini, la njia ya Pangani. Mkonge ulipita pande zote mbili, safu kwa safu, na shangazi akawa kama mimi: ule moshi wa nini, pale anakaa nani, wale wanaimba au wanagombana? Tulipofika Kigombe mtikisiko ulikuwa umeanza kumuuma tumboni.

"Tushuke," akasema. "Hapa hakuna anayejua kwamba nilikuwa najaza mkeka."

Tuliuliza chumba, tukaelekezwa kwa mjane mmoja aliyekausha ng'onda uani. Samaki wamepasuliwa na kuanikwa juani, nzi wanawazunguka. Shikamoo, marahaba, mmetoka wapi, Tanga, na huko Tanga hawajambo? Kabla hatujauliza kodi, mkeka ulikuwa umetandikwa. Ulikuja wali wa nazi na mchuzi wa papa, na sahani ya shangazi imerundikwa kama kichuguu.

Mimi nilianza. Shangazi aligusa ukingo wa sahani, akaurudisha mkono.

"Ahsante, dada. Mimi nimeshiba."

Mjane akaacha kunawa. "Umeshiba na vumbi la njiani? Mkono wangu una nini?"

Nikajua tumekuja bure. Gari lote lile, mkonge wote ule, kumbe sahani imetutangulia.

Shangazi aliisogeza sahani kando. Kisha akafungua mkoba, akatoa kichupa cha vidonge, akakiweka mkekani kati ya wali na mchuzi.

"Mkono wako hauna kitu, dada. Daktari ananipunguza mwili anipasue ngiri. Nikimeza hivi njaa inaondoka, lakini haya haiondoki. Nakula kwa kuona haya." Alisema upesi, jasho likimtoka puani.

Mjane alikiokota kichupa, akakitikisa sikioni. "Hivi vinaondoa njaa?"

"Kabisa."

"Ebo! Sisi mwaka wa njaa tulikula mizizi, na dawa ipo!" Akacheka mpaka akajifuta macho kwa upindo wa kanga. "Haya, daktari kasema ule kiasi gani?"

Shangazi akakunja kiganja kuonyesha. Mjane akarudisha wali chunguni, akapakua upya, akaongeza kipande cha papa.

"Hivi?"

"Hivi."

"Basi ndiyo sahani yako hapa kwangu. Jumatatu utapanda gari ukapimwe, ukirudi uniambie. Na anayeleta chakula mlangoni, mimi nitampokea."

Nimelala nyumba nyingi tangu siku ile, na nyingine sikumbuki hata mlango ulitazama wapi. Ile naikumbuka kwa harufu ya nazi na ng'onda, na kwa shangazi aliyekula polepole, tonge kwa tonge, bila kumwangalia mtu kwa wasiwasi. Alipomaliza alinawa, akajifunga kanga yake vizuri, akamuuliza mjane kitanda chetu ni kipi.