Nilivyokwenda kualika mama wa wasichana, kule Ibra, ili thanawi ifunguliwe

Hapana wakuu, mwalimu sikuwa. Nilikuwa farrasha, nafagia madarasa na kuwapikia walimu chai. Na kusoma sijui mpaka leo. Haya nasema kwa mdomo, simu inaandika yenyewe. Ikikosea, isuteni simu.

Shikamoo zenu nishazipokea, marahaba.

Ninayosema nimeyaona kwa macho yangu, na waliokuwepo wengine wako hai. Nikitia chumvi watanisuta hapa hapa.

Ni Ibra, Omani, mwanzo wa miaka ya thamanini.

Skuli ya wasichana ilitaka kufungua thanawi, yale madarasa ya juu. Wakajiandikisha wanane tu. Wakubwa wa Maskati wakamwambia Mudira, mkuu wetu wa skuli: wasipotimia kumi na tano, hapana darasa, anayetaka kusoma aende Sur, mji wa mbali.

Sur! Nani ampeleke mwanawe wa kike Sur?

Na katika wale wanane mmoja ni Zuwena, binti yangu. Baba yake keshasema, darasa lisipofunguliwa anampa yule aliyekuja kuposa.

Mudira akaitisha mitingi ya mama wa wasichana wote wa skuli. Mwenzetu wa Unguja yule, kasoma Misri, akisema utadhani anapuliza chai ya moto: "Nimewaagiza wanafunzi wawaambie mama zao."

Siku ikafika, viti safu safu, wakaja wanawake wawili. Mmoja anatafuta hospitali, kapotea njia.

Mudira akasikitika, ati watu wa hapa skuli hawaijali. Nikamwambia bibi wee, umewaalika kwa watoto wao. Mwanamke mtu mzima haalikwi na mwanawe. Hufuatwa mlangoni na mwalishi, kama harusi.

Hakunicheka, hilo nampa. Akanambia, "Basi kaalike."

Nikajifukiza udi, nikapita nyumba kwa nyumba siku tatu. Kila mlango kahawa, tumbo likawa ngoma. Kila mlango naulizwa harusi ya nani. Nawaambia hapana harusi, mwaitwa mkaone binti zenu wanapokaa mchana kutwa.

Mudira nikamwambia viti atoe, atandike mikeka, na asifungue mdomo kabla ya tende na kahawa.

Wakajaa mpaka barazani.

Lakini kujaa si kukubali, wakuu. Kahawa ilipokwisha, Bi Ghanima, mama wa wasichana watano, sauti yake pipa linaburutwa: "Huyo dereva wa basi la skuli ni kijana. Nani anamjua mama yake?" Jirani yake, sauti ya sindano, ati msichana akisoma sana macho huharibika, nani atamuoa?

Nikasema ndani ya basi nitakaa mimi, kwenda na kurudi. Wakaitikia kwa vichwa, lakini kila mtu anamtazama mwenziwe. Wako akenda, na wangu atakwenda. Wako, wangu, wako, wangu, hata wakaanza kutafuta viatu vyao.

Mimi nimeshika birika la kahawa, Zuwena yuko dirishani ananitazama.

Somo nalitia hapa, maana nikishamaliza sitaki kuongeza neno. Mzazi mwalike kwa heshima ya kwao, atakuja. Mimi niliwaleta mpaka mkekani, nguvu yangu ikaishia hapo. Daftari la kuandikisha wasichana lilijaa siku ile, na Zuwena leo ni daktari wa meno, akinitazama mdomoni nanyamaza. Aliyelijaza si mimi. Nanyi kwenu skuli iliwavutaje wazazi? Semeni, na mtakaonichokoza nitawajibu.

Aliyelijaza ni Bi Nunu. Kikongwe, kaja na mjukuu wake. Mumewe alibaki bara Afrika, yeye akarudi na watoto.

Alikuwa keshafika mlangoni, kiatu kimoja mguuni, kimoja mkononi. Akageuka, akasema taratibu, kama mtu anayeomba maji:

"Talaka yangu ilikuja kwa barua. Nikailalia chini ya mto miezi minne, nikidhani mume wangu kanisalimu. Mwandikeni mjukuu wangu."