Nilisema Mama Furaha Amekubali

Nilikosa, na siwezi tena kubeba hili peke yangu. Ninasoma sekondari hapa Nakivale, kambi ya wakimbizi Uganda. Wanaonijua wanajua haya yangu: hata kuomba chumvi kwa jirani naogopa.

Mwaka jana mvua ilikuja mwezi wa saba, mwezi wa jua! Ikayeyusha ukuta wetu wa tofali mbichi kama sukari. Baba ni fundi wa kujenga, tunaishi sisi wawili tu. Akasema mvua za siku hizi hazina kalenda, sasa ni tofali za kuchoma. Tukapanga tanuri, tukawasha. Siku ya pili kuni zikaisha. Moto ukizimika katikati, tofali zinabaki nusu mbichi, na mvua inazila tena.

"Kimbia kwa Mama Furaha," Baba akanituma kwa jirani yetu. "Umuombe ile miti ya nyuma ya nyumba yake. Umuambie nitamupandia ingine."

Nikakuta wanakwaya wamejaa uani kwake. Wote wakanitazama.

"We mutoto, umemeza ulimi?" mmoja akasema. Wakacheka!

Nikasalimia, nikarudi.

"Anasema nini?" Baba akauliza.

"Amekubali."

Ee Mungu wangu! Neno moja tu!

Kesho yake Mama Furaha akaenda Bwizibwera kwa binti yake Furaha aliyejifungua, akakaa mwezi mzima. Baba akakata miti yote sita. Tofali zikaiva nyekundu, tukajenga, akaenda kutafuta kazi ya ujenzi Kakoba, Mbarara.

Mama Furaha aliporudi, majirani wakamwambia nani alikata. Akaniita.

"Baba yako aliniomba lini?"

Nikatazama vidole vyangu vya miguu.

"Kumbe ni mwizi! Na kanisani anaomba kwa sauti kubwa hivi!"

Nilimwacha baba yangu aitwe mwizi!

Ile miti ndiyo ilikuwa inamkingia upepo. Mwezi wa kumi upepo ukaja na mvua, ukang'oa turubai la paa lake, ukuta ukaanguka. Akahamia kwetu, sasa mimi naye tunalala kitanda kimoja.

"Sikukuja kwa ajili ya ule mwizi," anasema. "Nimekuja kwa ajili yako, binti yangu wa roho nzuri."

Akinisuka nywele machozi yananitoka. Anadhani amevuta sana, ananiomba msamaha. Yeye ananiomba mimi msamaha!

Jana Baba alipiga simu. Anarudi Jumamosi. "Umusalimie Mama Furaha. Ile miti sijamushukuru. Nitamushukuru mwenyewe."

Leo ni Alhamisi. Mara tatu nimeita "Mama", akaitika, nikaomba maji.

Ninyi wenye haya kama mimi, mkishindwa kuomba, rudini mseme mmeshindwa. Kicheko cha kwaya kingeisha siku ile ile. Mimi Jumamosi Baba ataingia na aksanti yake, na Mama Furaha atamwita mwizi mbele yangu. Nyumba yetu ina mlango mmoja tu.