Siku Mtaa Mzima Ulipofungua Maji

Apolline alizaliwa Lusangi, na mpaka alipoolewa alikuwa akipanda kilima na mtungi kichwani, asubuhi na jioni. Ndiyo maana mumewe Emile, karani wa Kasongo, alipopata nyumba yenye bomba mwaka wa 1953, Apolline alishinda siku nzima akifungua robine na kuifunga, akicheka peke yake. Miaka mitatu baadaye Emile akafariki. Alimwachia nyumba ya matofali mabichi na maji yale, naye akaendelea na kazi yake ya kuzalisha wanawake wa mtaa.

Asubuhi moja bomba likapasuka ndani ya ukuta wa jikoni. Apolline alikimbilia robine kubwa, ile ya uani inayofunga maji ya nyumba nzima, akaizungusha mpaka kiganja kikamuuma. Ilizunguka bure. Maji yaliendelea kutoka ukutani, yakija na udongo.

Alimwita Ismaël, fundi wa maji, mtu wa Kabambare aliyekaa nyumba ya nne. Ismaël akapiga magoti, akaijaribu, akatikisa kichwa.

"Mama, hii robine imekwisha meno. Mpya niko nayo. Lakini nikiitoa hii, maji yatanirukia kwa nguvu yote, sitaweza kufunga ingine."

"Si wafunge kule kwenye tangi la mtaa?"

"Mwenye ufunguo wa tangi amekwenda kwenye matanga Kabambare. Mpaka kesho kutwa."

Kufika kesho kutwa ukuta ungekuwa chini. Ismaël akautazama mteremko wa barabara.

"Iko njia moja. Nyumba zote zikifungua maji pamoja, nguvu itapungua huku juu. Ya maana zaidi ni nyumba ya mwisho kule chini."

Nyumba ya mwisho ilikuwa ya Pascaline. Wanawake hao wawili hawakuwa wamesalimiana tangu Pasaka, siku mbuzi wa Pascaline alipomaliza sombe yote ya Apolline, majani ya muhogo wake wa uani, naye Apolline akamtukana mwenye mbuzi mbele za watu.

Julienne, jirani wa Apolline, alijitolea kuzunguka nyumba nyingine kuwaomba wafungue. Kwa Pascaline, Apolline alikwenda mwenyewe, miguu imejaa tope. Alimkuta anapepeta mchele.

"Mama Pascaline, siku ile nilisema maneno mabaya. Leo nyumba yangu inaanguka."

Pascaline aliweka ungo chini. Hakuuliza juu ya maneno. Aliuliza, "Nifanye nini?"

Alipoelezwa, alifungua robine ya kuchotea maji uani na ya jikoni, akasimama kando ya maji yanayomwagika, akasema, "Kimbia umwambie fundi. Sifungi mpaka unitumie mutu."

Kufika juu, Apolline alisikia maji yakilia kila ua. Ismaël alikuwa amekwisha kuzungushia nyuzi za katani kwenye meno ya robine mpya, isije ikavuja. Aliifungua robine ya zamani kwa ufunguo wake mkubwa, ikatoka, na maji yaliyotoka nyuma yake yalikuwa membamba, yakimlowesha mikono tu. Akaipachika mpya, akaikaza polepole, kisha akasogea pembeni.

"Funga wewe mwenyewe, mama."

Apolline alizungusha kidogo tu. Ndani ya ukuta kukanyamaza. Alibaki ameshika robine, machozi yakimtoka, akasema aksanti, akairudia mara nyingi mpaka Ismaël akaona haya, akaanza kukusanya vyombo vyake.

Julienne alitumwa kuambia watu wafunge. Siku ya tatu Ismaël alirudi kubadilisha kipande kilichopasuka, na wanaume wa mtaa wakaja kuziba ukuta kwa udongo mpya. Pascaline alipanda na sufuria ya wali, wakapakuliana pamoja yeye na Apolline, wakaketi mkeka mmoja. Usiku, katika sala yake, Apolline alitaja kila nyumba ya mteremko ule kwa jina, akianzia ya chini.