Damu ya Nichifor

Agafia alikuwa na hasira tangu siku polisi walipomnyang'anya mumewe leseni ya udereva kwa ulevi, na haki alikuwa nayo. Nichifor bila lori lake la mikate alikuwa mzigo tu kwenye kochi. Ili arudishiwe leseni, ilibidi damu yake iwe safi. Kuna kimeng'enya cha ini ambacho hupanda kwa mtu anayelewa kila siku, na kikishapanda hakishuki mpaka aache pombe kwa wiki kadhaa.

Basi Agafia akamwachisha. Rakiu yote ya stoo, ile pombe kali ya matunda, aliimwaga shimoni kwa mkono wake. Jirani yao Simion, aliyechungulia ukutani na kichupa, alitimuliwa kwa ufagio. Harusini hawakwenda, hata ya mtoto wa kaka yake. Alimnusa Nichifor mdomo, akampekua mifuko, akamsema tangu anaamka hadi analala. Na kijiji kizima kikamhurumia Nichifor! Wapuuzi wakubwa, kana kwamba ni yeye aliyekuwa akihangaika.

Majibu ya damu yakatoka. Kimeng'enya kilikuwa juu vilevile.

Agafia akawaka. Alimwambia daktari Lidia, msichana aliyesoma darasa moja na binti yake, kwamba mashine yao ni mbovu, kwamba wamechanganya damu za watu, kwamba mumewe hajaonja hata tone tangu Pasaka. Daktari alimwacha amalize, kisha akauliza nyumbani wanakula nini.

"Ugali, jibini, supu ya kuku," alisema Agafia. "Chakula cha watu."

"Na cha kushushia, mama?"

"Divai yetu. Jagi moja mchana, moja jioni. Namimina mwenyewe, ndiyo maana hazidishi."

Daktari aliweka kalamu chini.

"Usinikodolee macho, mwanangu. Divai si pombe. Hata wewe umekuzwa nayo."

Lidia alimjibu taratibu kwamba ini halijui tofauti hiyo. Leseni isahauliwe hadi vuli, na pengine hata hapo isipatikane.

Njiani kwenda kituo cha basi Agafia alitukana hospitali, polisi na aliyegundua vimeng'enya. Nichifor alimfuata nyuma, kofia mkononi, kimya. Kimya hicho ndicho kilichomgeuza. Akamuuliza kama alijua.

Nichifor alikiri. Siku ya kwanza kabisa daktari alimwambia, hata divai asiguse.

"Ulijua, halafu ukaninyamazia? Miezi yote hii nakuwa kichekesho cha kijiji kwa ajili yako?"

"Siku nzima ulikuwa unanisema, Agafia," alisema Nichifor. "Ukishika jagi tu, ndipo unapoa. Unanitazama, unaniuliza, 'Nikuongeze?' Sasa ningekataaje?"

Agafia alifungua mdomo amtukane, kisha akamnyang'anya kofia na kumvika kichwani.