Gogo la Kuzoa Mikosi

Mama mkwe wangu alikuja Toronto mwanzoni mwa miaka ya 2010 kunisaidia baada ya uzazi wangu wa kwanza. Alitoka Tanga na kanga, ubani na dawa ya tumbo la mtoto. Kufika Desemba tulikuwa tumeishi naye miezi mitatu kwenye fleti ya vyumba viwili huko Etobicoke bila kukwaruzana hata mara moja. Yaani tulikuwa tunakaribia kupasuka. Aliniita "mwanangu" kwa upole wa kutisha, nami nikamwitikia "abee mama" huku nasaga meno.

Kwenye mlango unaotazamana na wetu alikaa bibi mmoja mjane, mzaliwa wa Latvia. Yeye na mama mkwe walijuana siku ubani ulipoamsha kengele ya moshi. Bibi alikuja mbio, akavuta pumzi, akasema nyumba inanukia kama kanisa, kisha akaomba kipande. Tangu siku hiyo wakawa wanakunywa chai pamoja, huyu na Kiswahili chake, yule na Kilatvia chake, wakielewana kuliko mimi na yeyote kati yao.

Jioni moja karibu na Krismasi, siku ambayo jua linazama mapema kuliko unavyoweza kuzoea, nilisikia kitu kinaburutwa koridoni. Nilipofungua mlango nikamkuta bibi amevaa koti la manyoya alilolipindua ndani nje, mkononi ana kamba, na mwisho wa kamba kuna gogo.

"Ni desturi ya kwetu, ya tangu kabla ya kanisa," alisema kwa Kiingereza chake cha kukatakata. "Gogo linapita nyumba hadi nyumba. Mnaligonga kwa fimbo na kuliambia yote yaliyowaudhi mwaka huu. Mikosi inanasa humo. Halafu tunalichoma, na jua linaanza kurudi."

Nikamtafsiria mama mkwe, nikitegemea aseme audhubillahi na kufunga mlango. Badala yake alilikagua gogo lile juu hadi chini kama anayenunua samaki.

"Wanaliabudu?"

Nikauliza. Bibi akashangaa. "Hapana, tunalichoma."

"Basi hiyo si ibada, ni kutupa taka," mama mkwe akaamua. "Muulize kama linachukua na maumivu ya goti."

Linachukua. Akashika fimbo, akaligonga, akaanza na goti. Akaja kwenye baridi, kisha kwenye lifti iliyomfungia siku ya pili. Nilikuwa natabasamu, mtoto begani, mpaka niliposikia sauti yake inabadilika.

"Na wewe gogo," alisema bila kunitazama, "chukua tabia ya mke wa mwanangu ya kumwogesha mtoto siku moja moja, kama gari. Chukua na lile tui lake la kopo. Na kila nikifungua mdomo, 'Mama, daktari amesema.' Huyo daktari mchukue pia."

"Anasema nini?" bibi akauliza.

"Goti," nikajibu. "Linamsumbua sana. Naomba hiyo fimbo."

Nililigonga gogo kwa nguvu hadi mlango wa mbali ukafunguliwa na mtu akachungulia.

"Gogo, mchukue anayehamisha vyombo vyangu jikoni mpaka chumvi naitafuta kama polisi. Mchukue anayemwambia mume wangu amekonda, na suruali zake hazifungi! Mchukue anayemvika mtoto sweta tatu humu ndani!"

"Mtoto ana baridi!" mama mkwe akamaka.

"Mama, naongea na gogo."

"Basi liambie vizuri! Liambie na mimi nilizaa saba, wote wazima!"

"Nimeliambia!"

Tukawa tunanyang'anyana fimbo, huyu akigonga, yule akigonga, na mtoto akicheka kila gogo linapolia. Bibi alituacha mpaka tulipoishiwa pumzi. Kisha akachukua fimbo yake taratibu.

"Magoti ya kwenu yana maneno mengi," alisema.

Mume wangu alitukuta pale akitoka kazini. Kabla hajavua koti aliambiwa atupeleke Weston, kwa mpwa wa bibi, ambaye alikuwa na uwanja nyuma ya nyumba na pipa la kuchomea moto. Bibi alikataa gogo lisiwekwe kwenye buti. Lazima likae mbele, maana ndilo mgeni rasmi. Gari likaanza kupiga mlio, na halikunyamaza. Mume wangu, mhasibu mwenye heshima zake, akashuka, akazunguka, akalifunga gogo mkanda.

"Mmeliambia nini?" aliniuliza kwenye kioo.

"Goti," tulijibu mimi na mama yake kwa pamoja.

Gogo liliungua vizuri. Bibi aliimba, mpwa wake akaitikia, na mama mkwe, aliyejifunga kanga juu ya koti, akawapigia makofi kama yuko harusini. Mimi nilikuwa natetemeka. Akanivuta, akaniingiza ndani ya ile kanga pamoja na mtoto, akaninong'oneza: "Mwanangu, nazi si zipo dukani? Kwa nini kopo?"

"Nilinunua moja, mama. Nikaipiga mpaka nikavunja sinki."

Alicheka hadi akalishika goti.

Tangu hapo hatukuwa na upole tena. Tuligombana karibu kila siku, waziwazi, kuhusu maji ya kuoga, kuhusu sweta, na mume wangu akajifunza kukaa bafuni muda mrefu. Lakini Aprili, tulipompeleka mama uwanja wa ndege, tulilia sote wawili mpaka watu wakatupisha kwenye foleni. Bibi alikuja pia, amembebea mkate mweusi wa kwao, mzito kama tofali. Mama mkwe aliunusa, akasema kwa Kiswahili kwamba mkate ule haufai hata kwa kuku, akambusu bibi mashavu yote mawili, akaukumbatia mkate wake na kupita nao kwa walinzi.