Dirite Mbili za Safari ya Fizi

Zamani gari likichemka kwenye mlima wa Fizi, watu walitoka mashambani wakikimbia na maji. Siku hizi wanatoka wakikimbia na simu, walipige picha.

Norbert aliyasema hayo kila alipopata mtu wa kumsikiliza, na kwa kuwa wasikilizaji walikuwa wamepungua, aliziambia pia pikipiki alizokuwa akizitengeneza. Alikuwa na miaka sitini na mitatu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya soko la Baraka, mabati manne juu ya nguzo za mikaratusi. Kwa miaka arobaini alikuwa fundi wa magari. Sasa kazi yake ilikuwa pikipiki, zinazofika mpya ndani ya maboksi na kufa kabla rangi haijachubuka. Mafundi wa leo, alisema, hawatengenezi kitu. Wanatoa cha zamani, wanaweka kipya, wananawa mikono.

Gari moja tu lilikuwa limebaki mikononi mwake, la Mzee Néhémie. Lilikuwa gari la mbio, la milango miwili, pua ndefu, lililonunuliwa Bujumbura mwaka 1982, Néhémie alipokuwa akiuza samaki kavu na barabara ya Uvira ilikuwa bado barabara. Wakati huo lilikuwa jekundu. Sasa lilikuwa na rangi ya tofali, na tumbo lake lilikaa chini kiasi kwamba kuku alifikiri mara mbili kabla ya kupita. Kwa miaka mingi lilikuwa linakwenda kanisani Jumapili na kurudi, basi.

Mwezi wa nane Néhémie alikuja karakanani kwa miguu, fimbo mkononi.

"Fundi, Mwalimu anataka kurudi kwao. Fizi."

Norbert aliendelea kusugua plagi. "Kutembea?"

"Kukaa. Mudogo wake Georgette amemutayarishia chumba. Anasema joto ya huku chini imemushinda. Anataka akiamka asubui aone mulima ya mama yake."

"Na weye?"

"Mi nibakie kufanya nini? Nani atanipikia, weye?"

Mwalimu alikuwa Pulchérie, mke wa Néhémie. Mtu mzima yeyote wa Baraka aliyejua kuandika jina lake aliweza kukuonyesha alama ya fimbo yake ya darasani. Sasa alikuwa na miaka sabini na mitatu, na nyonga ilikuwa imemkatalia. Pikipiki hakuweza kuipanda, akitanua miguu analia. Lori hakuweza kulipanda, labda wamnyanyue kama gunia la mihogo, na hilo alisema halitafanyika akiwa hai. Chombo kimoja tu duniani aliweza kuingia mwenyewe, gari lile la tumbo chini. Alifungua mlango, akageuka, akaketi kama mtu anayeketi kwenye mkeka.

Ila ilibidi waende kabla ya mvua. Udongo wa mlimani ukilowa, gari kama lile halipandi tena mpaka mwaka unaofuata, na Pulchérie alikuwa anasema waziwazi kwamba hana hakika na mwaka unaofuata.

Tatizo lilikuwa dirite, ile mipira miwili ya maji: mmoja wa juu unaopeleka maji ya moto kutoka kwenye mashine hadi radiata, mwingine wa chini unaoyarudisha yakiwa yamepoa. Za gari la Néhémie zilikuwa zimekauka na kupasukapasuka, na Norbert alikuwa amezizungushia vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli, zikafanana na mguu uliofungwa bandeji. Kwa kwenda kanisani zilitosha. Kwa mlima wa Fizi zingepasuka katikati ya kona, maji yamwagike, mashine iungue, na mama mzee akae juani kando ya barabara bila mguu wa kumfikisha popote.

"Dirite mupya niko nazo," Norbert alisema. "Za gari yenyewe."

Hakudanganya. Alikuwa amezinunua Bujumbura kwa ajili ya gari hilo hilo, muda mfupi kabla ya vita ya kwanza, ile ya mwaka 1996. Vita ilipofika Baraka watu walikimbilia ziwani, huyu na godoro, yule na sufuria, Norbert na dirite mbili shingoni kama shada. Alivuka nazo hadi Kigoma, akakaa nazo kambini, akarudi nazo. Watu walimcheka. Aliziweka ndani ya kopo la maziwa ya unga, akazipaka poda ya mtoto, akafunga. Hakuzifunga kwenye gari hata siku moja. Kitu kizuri, katika mawazo yake na ya watu wote wa rika lake, hakitumiwi ovyo. Kinangoja siku yake.

Siku yake ilikuwa imefika, na Norbert hakufungua kopo.

Juma la kwanza alisema ana pikipiki ya mganga. Juma la pili alisema kolie, zile pete za chuma za kukazia mpira, zimepata kutu na anangoja nyingine. Juma la tatu alipita kwao kupima kitu ambacho hakikuhitaji kupimwa. Pulchérie alikuwa ameketi uani akichambua maharagwe.

"Norbert, dirite iko wapi?"

"Iko njiani, Mwalimu."

"Juma zote tatu? Inatembea kwa magoti?"

Néhémie alicheka mpaka akakohoa. Norbert aliinamia viatu vyake, akasema ataona kesho kutwa.

Ukweli ni kwamba hakujua atakaa vipi Baraka bila yule mama. Mwaka 1983 alikuwa kijana wa kufungua nati, anayepiga alama ya msalaba panapotakiwa sahihi. Siku moja Pulchérie alimkuta ameshika kitabu cha gari lile akikitazama kwa makini, kitabu kikiwa juu chini. Hakucheka. Alikigeuza, akakirudisha mikononi mwake, akasema, "Kila saa kumi, ukimaliza kazi, kuya." Akamfundisha kwa kitabu hicho hicho, kwa kuwa ndicho alichokitaka. Neno la kwanza Norbert kulisoma peke yake, bila kidole cha mwalimu, lilikuwa *durite*, ndiyo dirite kwa Kifaransa cha kitabu. Baada ya hapo alisoma kila kitu: magazeti ya kufungia vyakula sokoni, vitabu vya dawa, Biblia mara tatu, historia ya wafalme wa nchi asizozijua. Na kila alichosoma alikipeleka uani kwa Pulchérie. Sasa Baraka imejaa watu wenye diploma. Ukimwambia mmoja wao jambo ulilolisoma, anakuuliza litakuingizia nini.

Mwisho wa mwezi wa tisa upepo uligeuka na mawingu yakaanza kukaa juu ya milima upande wa Minembwe. Norbert aliona aibu. Asubuhi moja alishusha kopo, akafungua kifuniko, akatoa dirite ya juu. Ilikuwa nyeusi, nzuri, na poda yake. Aliikunja kidogo, kama fundi yeyote anavyofanya kabla ya kufunga.

Ilipasuka kwenye mkunjo, kwa mlio mdogo kama wa ganda la karanga.

Akajaribu ya chini. Vivyo hivyo. Miaka karibu thelathini ya kungoja ilikuwa imezila zote mbili, bila kuonja tone moja la maji. Norbert alikaa juu ya gurudumu bovu akiwa na vipande mapajani. Alizibeba wakati wengine walibeba watoto wao, na hazikufaa hata kufungia mbuzi.

Alizichukua vile vile, akaenda uani kwa Pulchérie, akaziweka mbele yake kwenye ungo.

"Nilikuwa nazo siku zote," alisema. "Nilikawisha makusudi. Sasa zimekufa."

Pulchérie alichukua kipande, akakinusa. "Nilijua."

"Ulijua zimekufa?"

"Nilijua unakawisha. Weye tangu zamani ukidanganya unaangalia viatu." Alikirudisha kipande kwenye ungo. "Mutoto wangu, mi siendi kufa. Naenda Fizi."

"Ni mbali."

"Ni mulima moja tu. Basi utengeneze zingine. Ama nilikufundisha kusoma ili ukuwe mutu wa kufungua maboksi?"

Neno hilo lilimwingia. Lilikuwa tusi lake mwenyewe, analowapiga nalo mafundi wa leo.

Siku tatu zilizofuata alifanya kazi kama zamani. Kwenye uwanja wa malori mabovu alipata dirite ndefu ya lori, yenye mikunjo minne, mpira wake bado hai. Alikata waya kwa urefu na umbo la ile iliyopasuka, akautembeza juu ya mpira wa lori mpaka akapata mkunjo unaolingana nao, akakata kwa kisu kilicholoweshwa maji ya sabuni. Hiyo ikawa ya juu. Ya chini haikupatikana yenye mkunjo. Alichukua mpira mnene ulionyooka, wa mashine ya kuvuta maji ya bustani, na mpira kama huo ukiupinda unajibana katikati na maji hayapiti. Akasokota waya wa chuma kuzunguka mpini wa nyundo, akapata springi, akaiingiza ndani ya mpira. Sasa ulipinda bila kujibana. Kazi hiyo hakuikuta kitabuni. Alionyeshwa na fundi mmoja wa meli, marehemu siku nyingi, ambaye hakuuliza atapata nini.

Alisugua kutu kwenye midomo ya mashine na ya radiata, akavisha mipira, akakaza kolie pole pole, huku na huku. Kisha akajaza maji, akawasha mashine kifuniko kikiwa wazi, akawa anaminya dirite ya juu kwa vidole, mara moja, mara moja, hewa itoke. Mapovu yalitoka mengi, yakapungua, yakaisha. Mpira ukapata moto taratibu mkononi mwake. Alikausha kila kiungo kwa kitambaa, akangoja saa nzima, akapitisha kidole. Kidole kilibaki kikavu.

"Kesho asubui," alimwambia Néhémie.

Waliondoka saa kumi na mbili na nusu, jua likitoka upande wa ziwa. Pulchérie alivaa kitenge cha sherehe. Alifungua mlango, akageuka, akaketi. Nyuma kulikuwa na godoro, sufuria, redio, na vitabu viwili. Cha tatu, kile cha gari, kimechakaa na kina mafuta ya vidole vya miaka arobaini, alikitoa dirishani.

"Kichukue."

"Ni ya gari, Mwalimu."

"Néhémie hasomi hata chupa ya dawa. Kichukue."

Norbert aliwafuata kwa pikipiki, dumu la maji la lita ishirini limefungwa nyuma. Mpaka Mukera njia ilikuwa rahisi. Kisha mlima ukaanza. Gari lilipanda kwa gia ya kwanza, likizunguka mashimo, tumbo likikwaruza mawe, na kila kona Norbert aliitazama boneti kwa mbali akitafuta mvuke. Zamani kwenye kona ya kijito palikuwa na dumu, siku zote limejaa, la dereva yeyote. Hakuna aliyejua ni nani analijaza. Sasa palikuwa na vijana watatu, na kweli, walipoliona gari walitoa simu.

Hapo Néhémie alisimamisha gari, mashine ikiunguruma. Norbert aliinua boneti, akashika dirite ya juu kwa kitambaa. Ilikuwa ya moto, ngumu kidogo, kama inavyotakiwa. Akainama akatazama ya chini. Kavu.

"Inasema nini?" Pulchérie aliuliza.

"Inasema mwende."

"Na weye urudi. Watu wa pikipiki watakungojea." Alimshika Norbert mkono, mweusi wa grisi vile vile, wala hakupangusa wake baadaye. "Ukisoma kitu cha maana, niandikie. Kwa kalamu. Si kwa ile simu."

"Nitaandika."

"Na uandike mistari minyoofu."

Gari likaondoka. Norbert alisimama kando ya pikipiki, dumu miguuni, akatazama kona ya juu ambako magari yote ya zamani yalichemka. Kulikuwa na sehemu ndani yake, aliijua vizuri na hakuipenda, iliyongoja mvuke mweupe. Mvuke haukutoka. Gari la rangi ya tofali lilipanda pole pole, likafika kwenye kona, na kabla ya kupotea mkono ulitoka dirishani, kidole kimoja kimenyooka, kama vile Mwalimu alivyokuwa akimwonyesha mstari unaofuata.

Alilibeba dumu, bado limejaa, akaliweka kwenye jiwe la kona ya kijito. "Hii si ya picha," aliwaambia vijana. "Ni ya gari itakayochemka." Kisha akawasha pikipiki. Mvua ilianza juma lililofuata, na siku ile kwenye kona ikawa mara yake ya mwisho kuwaona.