Kanzu Arobaini na Moja za Hinde

Kwa miaka ishirini na sita Hinde alichemsha kanzu za waume za watu. Duka lake la dobi lilikuwa chini ya ngazi sita, katika uchochoro mmoja wa Mea Shearim, mtaa wa Wayahudi washika dini wa Yerusalemu, na aliyeshuka ngazi zile alipigwa na mvuke usoni kabla hajamwona mwenye duka. Mikono yake ilijaa makovu hadi viwikoni: hili la sufuria, hili la pasi, hili la mwaka ule beseni la wanga wa moto lilipopasuka.

Msimu wake ulikuwa wiki ya kabla ya Siku ya Upatanisho. Siku ile kila mwanamume aliyeoa huvaa kanzu nyeupe. Ndiyo aliyofungia ndoa, ndiyo atakayozikwa nayo, kwa hiyo doa halivumiliki. Sinagogi dogo la uchochoroni lilikuwa na kanzu arobaini na moja, na zote zilipita kwa Hinde. Alizichemsha, akazitia buluu, akazipiga wanga na pasi, akazifunga kila moja katika karatasi ya kaki. Ndani ya kola alishona jina la mwenyewe kwa uzi mwekundu, zisije zikachanganyika.

Alizaliwa mumo humo. Baba yake alivunjwa mbavu mbili na rungu la polisi katika maandamano ya kupinga magari siku ya Sabato, akaugulia kitandani huku akimfundisha binti yake somo moja: taifa hili limejengwa kabla ya saa yake. Mungu ndiye aliyetutawanya, na Mungu ndiye atakayetukusanya. Anayeharakisha mambo kwa bunduki amemkosea. Hinde aliamini hivyo, na hakuacha kuamini. Hakupiga kura, hakupokea hata shekeli moja ya serikali.

Mumewe, Getzl, alikuwa mtu wa maneno machache. Kila mwaka king'ora cha kuwakumbuka askari waliokufa kinapolia, mji mzima husimama, na vijana wa uchochoro ule hutembea kwa makusudi, wengine wakiimba. Getzl aliinua pasi, akasimama nayo mkononi mpaka king'ora kiishe.

"Umesimama?" Hinde alimuuliza mwaka mmoja.

"Pasi imezidi moto. Naipumzisha."

Kila mwaka pasi ilizidi moto dakika zile zile.

Getzl alifariki mkesha wa Siku ya Upatanisho, akaacha mtoto mmoja tu, Fayvel. Basi kila mwaka, tarehe ile, Fayvel alisimama mahali pa baba yake sinagogini na kusoma Kadishi, sala ambayo mtoto humsomea mzazi aliyekufa. Sala hiyo haisomwi na mtu peke yake. Lazima wawepo wanaume kumi, na waliobaki wamjibu "Amina." Na siku ikipita imepita. Jua likizama, marehemu amekosa sala yake mwaka mzima.

Kaka wa marehemu alikuwa Zelig, mchinjaji, mtu wa mabega mapana na sauti ya kukata mbao. Hakujaliwa mtoto. Alimfundisha Fayvel herufi kwa kuzipaka asali ili mtoto alambe anachosoma, na aliwaambia watu waziwazi, "Huyu ndiye atakayenisomea mimi nikifa."

Mwaka wa pili baada ya msiba, Fayvel alishuka zile ngazi sita akasema, "Mama, nimejiandikisha jeshini."

Hinde alimpiga kofi kwa mkono uliolowa povu.

"Kwa nini?"

"Watu wanakufa mpakani, Mama, na mimi nimelala kitandani. Sijui kama taifa hili ni la Mungu au si lake. Najua wanaozikwa."

"Babu yako alivunjwa mbavu na hao!"

"Najua."

Kofi la pili lilipasua mdomo. Hinde alitazama damu kwenye vidole vyake, akaipangusa kwenye aproni.

"Taifa lao ni dhambi," alisema. "Wewe ni mwanangu. Lete hilo gwanda, linanuka."

Tangu hapo alifua magwanda ya kijani ndani ya duka, nyuma ya pazia. Fayvel alibadilisha nguo kwenye choo cha stesheni ya mabasi, akaingia mtaani na koti jeusi kama wenzake. Watu waliambiwa anasoma chuo cha dini huko Bnei Brak. Gwanda likishakauka, Hinde alilifunga katika karatasi ya kaki kama kanzu, asije mteja akaliona. Tena, kwa mazoea ya mkono, alishona ndani ya kola kwa uzi mwekundu: Fayvel mwana wa Getzl.

Ubaya ulitokea kwenye karatasi hizo hizo.

Asubuhi ya ule mkesha, mwaka wa tatu, uchochoro ulijaa kuku. Watu waliwazungusha vichwani mara tatu, kuku abebe dhambi za mtu, na kumpelekea Zelig, na yeye aliwachinja mmoja baada ya mwingine, manyoya yakiruka na damu ikitiririka mferejini. Reb Lemel, mtunza sinagogi, mzee mwembamba mwenye kikohozi, alimletea bahasha yake kutoka kwa Hinde.

"Nifungulie wewe," Zelig alisema. "Mikono hii si ya kushika nyeupe."

Reb Lemel akafungua. Likatoka gwanda.

Mwanzoni watu walicheka. "Zelig, wamekuita jeshini! Uzee huo, utakuwa mpishi!" Kisha Zelig akaona uzi mwekundu kwenye kola, akasoma. Waliokuwa karibu walisema alilisoma jina lile mara mbili, ya kwanza kwa sauti, ya pili kimya.

Fayvel alikuwa sinagogini. Sala ya asubuhi ilikuwa imefika kwenye Kadishi, naye amesimama mahali pa baba yake, amefungua mdomo, ameshatamka maneno mawili. Mlango ukapigwa teke.

"La nani hili?" Zelig alilinyanyua gwanda na mikono yake ya damu ya kuku.

"Langu, baba mkubwa."

"Nilikulambisha asali."

"Ulinilambisha. Niache nimsomee baba, kisha nifanye utakavyo."

"Baba yako hana mtoto askari!"

Ngumi ya kwanza ilikuwa ya Zelig, ikampata taya, na mlio wake ulisikika mpaka upande wa wanawake. Baada ya hapo hakuna aliyejua ngumi ni ya nani. Walimwangusha kati ya mabenchi. Mmoja alimpiga na stendi ya vitabu. Mwingine alimkanyaga vidole, makusudi, kimoja kimoja, huku akisema, "Hiki cha bunduki. Hiki cha bunduki." Walimburuta kwa miguu, wakamtupa barabarani katika matope ya manyoya. Watoto wakamzomea, "Mdudu wa kijani! Mdudu wa kijani!" Fayvel, aliyefundishwa kupigana mwaka mzima, hakuinua mkono. Alitambaa.

Hinde alimpokea kwenye ngazi. Taya lilikuwa limehama na jicho limefunga. Alimkalisha juu ya gunia la sabuni. Fayvel alinyoosha mkono, akachana bahasha iliyowekewa jina lake, akakandamiza kilichomo usoni. Ni Hinde aliyeona kwamba si gwanda. Ilikuwa kanzu nyeupe, iliyopigwa pasi jana, na kwenye kola jina la Zelig. Nyekundu ilikuwa inaenea kifuani.

Hinde alijua damu inavyotolewa. Maji baridi na chumvi, kabla haijakauka. Ndoo ya maji baridi ilikuwa pale mguuni pake. Aliichukua kanzu mikononi mwa mwanawe, akaitundika kwenye kamba juu ya jiko.

"Umemaliza Kadishi?" aliuliza.

Fayvel alitikisa kichwa. Hapana.

Mawe yalianza hapo. La kwanza lilivunja dirisha, la pili likamkata Hinde sikio. Yakafuata matumbo ya kuku na nepi za watoto. Mtu mmoja aliyekuwa akishuka kuchukua vitambaa vyake vya meza aliviringika mpaka ndani, kichwa kikivuja. Alikuwa Elyakim, seremala wa mtaa wa pili, mwenye kofia ya kufumwa, mmoja wa wale wanaoshukuru Mungu kwa sala siku ya uhuru wa taifa. Kwa miaka tisa Hinde alikuwa amemfulia, na kwa miaka tisa hawakukubaliana hata mara moja.

"Niite polisi?" Elyakim alitoa simu.

"Ukiwaita, sikufulii tena. Sijampeleka Myahudi polisi mimi."

"Dada Hinde, watamuua!"

"Weka simu."

Elyakim alimtazama kijana, akapiga magoti mbele yake. "Twende kwetu. Kwetu hakuna atakayekugusa. Watakupa kiti cha mbele, wataitika mpaka paa litikisike. Askari kwetu ni heshima."

"Kwenu mtamwitikia askari," Hinde alisema. "Mimi nataka aitikiwe mtoto wa Getzl, na waliokula na Getzl."

"Ndio waliomvunja taya!"

"Ndio hao hao."

Alifikiri kidogo, mkono kwenye sikio, damu ikipita katikati ya vidole. Kisha akainuka. Kanzu arobaini zilikuwa bado kwenye rafu, maana watu huzifuata adhuhuri. Alichana karatasi zote, akazirundika kwenye beseni kubwa. Akaburuta ndoo ya rangi nyeusi, ile ya kurudishia makoti yaliyopauka, akaiweka ukingoni mwa beseni. Akafungua mlango.

"Rusheni!" aliwaambia waliojaa uchochoroni. "Jiwe moja likiigonga ndoo hii, kesho mtasimama mbele ya Mungu kama makunguru."

Mikono ilishuka. Jiwe moja lililokuwa tayari hewani lilianguka kwenye ngazi.

Reb Lemel alijitokeza, akikohoa. "Hinde, mama. Huo ni wizi. Leo, siku kama ya leo?"

"Nguo zenu hizi hapa, Reb Lemel. Fedha zenu sizitaki. Nataka Amina."

"Amina ya nani?"

"Ya Kadishi ya mume wangu. Mliikata katikati. Shukeni, mtoto amalize, kila mtu achukue nguo yake."

"Yule si wetu tena," sauti ilisema kutoka nyuma.

"Na mimi je? Nimewafulia suruali miaka ishirini na sita. Najua nani wenu anajikojolea. Niseme?"

Kuna aliyecheka, akapigwa kiwiko. Kijana mmoja aliruka ngazi kumnyang'anya ndoo. Hinde alimmwagia jagi la wanga wa moto miguuni, naye akarudi juu akipiga mayowe. Hakujaribu mwingine.

Jua lilivuka paa la sinagogi. Watu walikuwa hawajaenda kuoga josho la toba, hawajala chakula cha kuingilia mfungo. Wa kwanza kushuka alikuwa Reb Lemel. "Getzl alinibebea maji nilipoumwa," alisema bila kumtazama mtu. Wakafuata wengine, wamenuna, kofia zimeshushwa usoni. Wenye mikono iliyochubuka waliificha nyuma.

Reb Lemel alihesabu kama wanavyohesabu wao, maana watu hawahesabiwi moja kwa moja. "Si mmoja, si wawili..." Alipomgusa Fayvel bega alikuwa kwenye "si tisa."

Elyakim akasimama, kitambaa kichwani.

"Huyo hapana," mmoja alisema. "Anausalia Uzayuni."

"Ametahiriwa kama wewe!" Hinde alifoka.

"Acha, dada," Elyakim alisema. "Nikiingia mimi watatoka wao, nawe ni wao unaowataka. Nitasimama nje." Akapanda ngazi. Mtu alimtemea mate, naye akajifuta na kusimama pale pale.

Walibaki tisa. Hakuna aliyeshuka tena. Hinde alishika ndoo kwa mikono miwili.

Ndipo mabega mapana yakaziba mlango.

"Kanzu yangu," Zelig alisema, akiwa juu ya kizingiti.

Hinde aliishusha kwenye kamba, akamkabidhi. Ilikuwa imekauka kwa moto wa jiko, ngumu kama ubao. Zelig aliikunjua. Kifuani, kuanzia kola hadi kiunoni, ulikuwepo uso: shavu, mdomo, shimo la jicho. Alitazama kola, akaona jina lake. Alimtazama Fayvel.

"Ioshe," alisema.

"Moto nimezima, shemeji."

"Ulikuwa na maji baridi?"

"Yalikuwepo."

Mguu mmoja wa Zelig ulikuwa ndani, mwingine nje. Reb Lemel aliutazama mguu ule, kila mtu aliutazama. Nje ilisikika kuku mmoja aliyesahauliwa.

"Unaingia au unatoka?" Reb Lemel aliuliza. "Mlango una pande mbili, mchinjaji."

Zelig alivuta mguu wa pili ndani.

"Si kumi," alisema Reb Lemel upesi.

Fayvel alisimama akishikilia beseni. Taya halikufunga. Maneno yalitoka yamepondeka, yamejaa mate na damu, na wengine waliinamisha vichwa kwa kuwa hawakuyatambua. Alipofika mahali pa kuitika, kila mtu alimtazama mwenzake.

"Amina," alisema Zelig, kwa ile sauti ya kukata mbao. Wote wakafuata. Kutoka juu ya ngazi Elyakim naye aliitika, kupita wote.

Kadishi iliisha. Kila mtu alichukua kanzu yake akaondoka, hakuna aliyesema ahsante wala samahani. Zelig alikuwa wa mwisho. Alitema mate sakafuni karibu na kiatu cha mtoto wa ndugu yake, akapanda ngazi na kanzu mkononi.

Kesho yake aliivaa. Alisimama mchana kutwa mbele ya sinagogi zima na ule uso kifuani. Walimpa nyingine ya kuazima, akaikataa.

Taya la Fayvel lilifungwa waya hospitalini, na hakuonekana tena uchochoroni mchana. Nusu ya wateja walihamia kwa dobi mwingine. Dirisha liliwekwa mbao, na Elyakim ndiye aliyezipiga misumari, huku yeye na Hinde wakibishana kuhusu taifa mpaka msumari wa mwisho.

Mwaka uliofuata, wiki ya kanzu, Zelig alishuka ngazi sita, akaweka bahasha mezani.

"Ichemshe kama nyingine," alisema. "Hapo kifuani usisugue."

"Haitoki tena hata nikisugua."

"Usisugue." Aligeuka, akasimama na mgongo kwake. "Kijana anajua mimi nilizaliwa mwezi gani. Siku ya kufa sijui. Utamwambia wewe, aje anisomee."

Hinde aliwasha moto chini ya sufuria.